Madaktari wa Wazima Katika Chumba Changu cha Maiti

Nimewafundisha kazi watu wengi wasiojua kitu, lakini wasiojua kitu wenye vyeti ndio walionitesa. Mjinga wa kawaida ukimwambia shika hapa, anashika. Mjinga mwenye cheti anakuuliza kwanza wewe umesoma wapi.

Mie nilisoma shule ya jioni, Ilala, kwa mwanga wa chemli, miaka minne mfululizo, nikitoka kazini ninanuka dawa ya maiti hata dawati zima nikaachiwa peke yangu. Nadhani mpaka mbu wa darasa lile walihamia Buguruni kwa ajili yangu. Lakini nilitoka na cheti chenye muhuri, na Kiingereza cha kunitosha kusikia ninavyosengenywa. Mchana nilikuwa mhudumu wa chumba cha maiti katika hospitali moja ya serikali. Kwenye karatasi kazi yangu ilikuwa kufagia, kuosha meza na kunoa visu. Kwa kweli nilikuwa nafungua maiti, natoa yaliyomo, nayapanga, kisha nashona, huku daktari kasimama kando akiandika aliyoyaona, ambayo mara nyingi ni yale niliyomwonyesha kwa ncha ya kidole. Nimefungua maiti wengi kuliko nazi alizokuna mama yangu, na mama alikuwa mpishi wa harusi tangu Magomeni mpaka Mbagala.

Bwana mkubwa wetu, Mzungu mzee aliyekuwa bingwa wa maiti, alikuja na wazo, na wazo lenyewe halikuwa baya. Madaktari vijana waliokuwa wakitibu magonjwa ya ndani wodini, kabla hawajapelekwa mikoani, kila mmoja akae kwetu wiki sita ajifunze kuchunguza maiti wanaoletwa na polisi. Huko mikoani daktari ni mmoja tu, na siku hakimu atakapomuuliza mtu huyu kafa kwa nini, hatakuwa na wa kumtazama usoni. Wazo zuri. Ubaya ulikuwa wa waliokuja.

Masika ile walikuja watatu. Wa kwanza Mzungu, kijana ametoka kwao majuzi, mwenye sauti ya kuamrisha mvua. Wa pili Mhindi, mwana wa mwenye duka, mpole sana, ambaye kwa wiki sita zile aliisoma dari ya chumba changu kuliko hata fundi aliyeipigilia misumari. Wa tatu mwenzetu, Mwafrika wa bara, amevaa tai hata siku ya joto la kuyeyusha lami. Huyu alisema nami Kiswahili akitaka kikombe cha chai tu. Mengine yote Kiingereza.

Sasa sikia ugonjwa wao. Daktari wa wodini kazoea mgonjwa anayesema. Anamuuliza, baba, wapi panauma? Baba anaonyesha. Mweke mbele ya mtu asiyejibu, anahangaika kama kuku kaona chatu, mpaka apate wa kumsemea. Na kwa maiti wa polisi anayesema ni karatasi ya polisi, yenye habari ya kifo. Bwana mkubwa alikuwa na sheria moja, kaiandika kwa mkono wake na kuibandika ukutani: karatasi ya polisi isisomwe mpaka mwili umekwisha kutazamwa, nje na ndani. Vijana wangu waliisoma ile sheria, wakatikisa vichwa kwa heshima, halafu wakaifungua karatasi kama barua ya mchumba.

Asubuhi moja koplo wa polisi akaleta maiti kutoka Temeke. Mzee mmoja, kuli wa bandarini aliyekwisha kustaafu, rangi ya maji ya kunde kama wazee wengi wa pwani. Kakutwa alfajiri kafa kitandani kwake. Usiku wa kuamkia hapo majirani walisikia anagombana na mkwewe, mume wa binti yake, kijana aliyetaka kumhamishia mkewe Kinondoni, karibu na kazi yake. Mzee hakutaka binti aende mbali. Sauti zikapanda. Asubuhi mzee maiti, mkwe yuko mahabusu. Kisa kikaishia hapo, kwa maoni ya koplo.

Nje ya chumba changu wakakaa jamaa wa marehemu, na yule binti kati yao, kajitanda kanga, macho yamemvimba. Babake ndani kwangu, mumewe kituoni, na kosa la kuua siku zile lilikuwa na kamba mwisho wake. Kila aliyekaa pale alilijua hilo.

Tukamvua mzee nguo na kumgeuza. Mgongo mzima, mapaja kwa nyuma, mpaka mashavu ya miguu, ulikuwa na michirizi ya zambarau iliyoiva, na katikati ya michirizi mistari myeupe. Yule Mzungu hata hakuinama.

"Viboko," akasema kwa lugha yao. "Kapigwa vibaya sana."

"Karatasi inasema waligombana," akasema Mhindi, akiiambia dari.

"Basi tumemaliza. Andika: amekufa kwa kipigo kikali."

Na yule mwenzetu wa tai akatoa kalamu, akaandika. Lakini nilimwona. Aliutazama ule mgongo mara ya pili, mkono ukasita kidogo, kisha akaandika kwa haraka zaidi, kama mtu anayekimbizwa na maandishi yake mwenyewe.

Mie nikasafisha koo. "Bwana daktari, kifua hatujafungua."

"Cha nini? Sababu imeshapatikana," akasema Mhindi, macho bado darini.

"Bwana, mtu akipigwa viboko, mpigaji anachapa hivi, au hivi. Huyu michirizi yake inakatana mraba mraba, kama mtu alikuwa anapima viwanja vya Kariakoo mgongoni mwa mkwewe. Na hapa kwenye mabega na matako, mahali pa kwanza pa kumchapa mtu, peupe kabisa. Mpigaji gani huyo anayeruka matako?"

Mhindi akacheka, akajizuia. Mzungu akamwuliza mwenzetu nimesema nini. Mwenzetu akajibu kwa Kiingereza, "Anasema desturi za kienyeji tu." Hivyo hivyo, mbele ya masikio yangu mawili yaliyolipiwa ada Ilala!

Koplo alikuwa mlangoni anasubiri karatasi. Nikajua ikitoka tu, imekwenda, na kuirudisha karatasi ya serikali ni kazi kuliko kumrudisha maiti. Na bwana mkubwa asingefika kabla ya saa tisa. Basi nikafanya jambo la utumishi uliotukuka: nikawatoa wote nje nikisema napiga dawa sakafuni, nikafunga mlango, nikatangaza ufunguo umepotea. Karatasi ilibaki mezani haijatiwa muhuri, na muhuri ulikuwa humo ndani pamoja na maiti. Ufunguo ulikuwa katika soksi yangu, unanichoma kisigino.

Mzungu alipiga kelele mpaka kunguru wakahama paa. Aliniita majina ambayo mwalimu wetu wa jioni hakupata kutufundisha. Mie nikainama kutafuta ufunguo chini ya benchi, katika majani, ndani ya debe la taka, mahali pote isipokuwa mguuni kwangu.

Waliokasirika kwa haki ni jamaa wa marehemu. Kwetu maiti hakai. Yule binti akanijia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, tunakuomba. Kaburi limeshachimbwa, watu wamekaa tangu asubuhi. Mtoeni tumzike, inatosha jamani."

Nikamvuta pembeni. "Mwanangu, nikimtoa babako sasa hivi utazika wawili. Unanielewa?"

Akanitazama. Akanielewa.

"Sasa niambie. Babako alikuwa analalia nini?"

"Kitanda chake cha kamba. Cha siku zote."

"Na godoro?"

"Hana godoro. Mkeka tu. Na jana joto lilimzidi, akautoa mkeka nje, akalala juu ya kamba tupu, kifua wazi. Nilimwambia baba utaumia mgongo. Akaniambia nimuache."

"Na mumeo alimgusa?"

"Amguse mkwewe?" Alinishangaa hata machozi yakasimama. "Alipoona baba amekasirika alitoka kinyumenyume mpaka uani. Hata kukaa naye kiti kimoja haijapata kutokea."

Wasomaji wa mjini wenye vitanda vya springi pengine wanahitaji kuelezwa. Mtu akifa, damu haina wa kuisukuma, inateremka chini kama mashapo ya kahawa. Aliyelala chali, inamkalia mgongoni, pakawa zambarau. Lakini pale mwili ulipobanwa na kitu kigumu, damu haipati pa kukaa, panabaki peupe. Mweke juu ya kamba zilizosukwa mraba, atatoka na mraba. Hili halihitaji chuo. Linahitaji kuwa umelala kwenye kitanda cha kamba asubuhi ukajitazama mapaja. Mie nililala hivyo miaka thelathini. Mke wangu angeweza kunihesabia kamba mgongoni. Mzungu nilimsamehe nusu, kwao hawavijui. Mhindi nilimsamehe robo. Yule wa tai sikumsamehe hata chembe, maana mkono wake ulisita. Aliijua ile michirizi. Alikuwa nayo mwilini mwake utoto wake wote, na akaona ni heri mtu anyongwe kuliko wenzake wajue kwao walikuwa wanalala juu ya kamba.

Saa tisa bwana mkubwa akafika, na kwa bahati ya ajabu ufunguo ukaonekana. Mzungu kijana akamwambia habari yote kwa pumzi moja: viboko, ugomvi, ufunguo, na ukaidi wangu. Bwana mkubwa akamsikiliza, kisha akaniuliza mie, "Wewe unasemaje?"

"Kitanda cha kamba, bwana. Na tukichana hapa tutajua. Damu ya kipigo inaganda ndani ya nyama, ukiisuuza haitoki. Hii itatoka na maji."

Bwana mkubwa hakuchana kwanza. Alimgeukia yule mwenzetu.

"Daktari, wewe umepata kulala kwenye kitanda cha kamba?"

Akaishika tai yake kama mtu anayeinyoosha. Jasho likamtoka chini ya tai likachora njia zake.

"Daktari, nimekuuliza."

"Nimelala," akasema. Sauti ndogo kama ya mtu anayeungama wizi wa kuku. "Mpaka nilipokwenda bweni."

"Na michirizi hii umeijua?"

"Niliifikiria, bwana."

"Uliifikiria," akasema bwana mkubwa, "ukaandika kipigo." Akaichukua ile karatasi mezani, akaikunja mara nne, akaitia katika ndoo ya pamba chafu. Kisha akanipa kisu.

Nikachana mgongo mahali pa zambarau. Nyama safi. Nikamwagia maji, damu ikaenda nayo. Nikafungua kifua, kile ambacho hakikuwa na haja, na kifua kilikuwa kimejaa damu kama mtungi uliosahauliwa chini ya mchirizi wa bati. Ule mshipa mkuu unaotoka moyoni ulikuwa umevimba kwa miaka, umekonda kama ngozi ya kitunguu, ukapasuka. Mzee angekufa usiku ule hata kama angegombana na paka. Na ajabu ya mwisho: uvimbe ule ulikuwa mkubwa kama limau, ugonjwa wa ndani khasa, ugonjwa wao wenyewe wanaotibu wodini kila siku, uliokuwa umekaa humo ukiwasubiri wenye vyeti waufungulie mlango.

Bwana mkubwa akaandika karatasi kwa mkono wake, akapiga muhuri, akamkabidhi koplo, akamwambia akimbie. Koplo, mtu mnene, hakukimbia, lakini alitembea kwa nia. Nikamshona mzee kwa mshono mdogo mdogo, mshono wa fundi kanzu, ili waoshaji wasihangaike.

Saa kumi na kitu mkwe akaletwa. Kijana mwembamba, shati limechanika bega, hana viatu. Mkewe akainuka, hakusema neno, akavua kanga yake ya juu akamfunika lile bega. Wale jamaa waliokuwa wamemnunia tangu asubuhi wakaanza kutazama miguu yao. Yule kijana akauliza kwa sauti ya kupwelea:

"Nimeambiwa kuna daktari aliyeona ukweli. Ni nani, nimshike mkono?"

Madaktari wangu watatu walikuwa wamesimama mlangoni na aproni zao za mpira. Na wallahi, sitii chumvi hapa, ingawa kwingine kote nimetia: wote watatu walipiga hatua mbele. Hata yule wa dari. Yule wa tai ndiye aliyefika wa kwanza, akamtolea mkono, akamwambia kwa Kiswahili fasaha, "Pole sana, ndugu yangu. Tulifanya tuwezavyo."

Kijana akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili, akapiga goti.

Mie niliingia ndani kuwatafutia waoshaji ndoo na sabuni, maana Alasiri ilikwisha kuadhiniwa na maiti alikuwa hajaoshwa.