Vikwembe Ambavyo Koko Hakuzikwa Navyo

Wiki iliyopita binti yangu alirudi nyumbani na karatasi ya mwaliko, amejaa furaha mpaka akasahau kuvua viatu. Vijana wa hapa mjini wangeonyesha mchezo wa kuigiza, Jumapili saa tisa mchana, juu ya maisha ya wakati wa Zaire, na kila mtazamaji aliombwa aje amevaa kama watu wa enzi ile. Basi mtaa mzima ukaingia wazimu. Jirani yangu alikwenda kumwomba baba mkwe wake abakosti, lile koti lisilojua tai, akakuta nondo wameshakula kola. Binti yangu naye akanisimamia mlangoni.

“Mama, weye hauna hata libaya moja ya zamani?”

Ninayo, rafiki yangu. Hiyo ndiyo shida yenyewe.

Nililelewa na bibi yangu, mama wa mama, tuliyemwita Koko, katika nyumba ya matofali ya udongo hapa hapa Bunia. Kila Jumamosi sombe, majani ya muhogo, lilichemka nje, na ndani pasi ya makaa ilikuwa inatungoja. Kazi yangu ilikuwa kuyapuliza makaa hayo mpaka machozi yanitoke. Koko alipiga pasi kila kitu, hata vitambaa vya kufutia sahani, na ole wake atakayeingia kanisani na mkunjo. Atasemwa wiki nzima.

Chini ya kitanda chake kulikuwa na valizi, na ndani yake vikwembe vitatu, yaani vitenge, vya waksi, vya buluu yenye ndege wa manjano, havijagusa maji hata siku moja. Sote tulijua ni vya nini. Wanawake wa umri wake walikuwa na desturi hiyo: nguo nzuri kuliko zote haivaliwi, inangoja maziko ya mwenyewe, ili asifike mbele za Mungu na nguo ya jikoni. Mara moja kwa mwaka, wakati wa kiangazi, alivianika ndani ya nyumba huku mlango umefungwa, maana majirani wana macho. Sisi watoto tuliruhusiwa kuvigusa baada ya kunawa kwa sabuni. Hadi leo nikisikia harufu ya naftalini namwona yeye.

Nilipokuwa darasa la sita, mwalimu alinichagua katika mchezo wa mwisho wa mwaka niwe mama wa kizamani, mke wa chifu. Nilihitaji libaya, ile blauzi ya mikono iliyovimba mabegani, na vikwembe viwili vya kujifunga chini yake. Nyumbani hatukuwa na kitu cha namna hiyo. Nililia siku mbili. Siku ya tatu Koko akaivuta valizi, akamwita fundi cherehani aliyekaa nyumba ya pili. Fundi alipotambua kitambaa kile aliweka mkasi chini.

“Mama, hii ni nguo yako ya kwenda nayo kule. Miye siwezi kuikata.”

“Kata tu,” Koko akasema. “Siku ile miye sitaiona. Nataka kuiona sasa, ku mwili ya huyu mutoto.”

Fundi akakata kimoja, viwili nikajifunga vilivyo. Siku ya mchezo Koko alikaa benchi la mbele kabisa. Mimi, niliposimama mbele ya watu wote wale, maneno yakanitoka kichwani. Mwalimu anakunja uso. Koko akageuka nyuma akawaambia watu kwa sauti kubwa: “Mutazame nguo kwanza! Maneno itakuya!” Ukumbi ukavunjika mbavu, na maneno kweli yakaja. Sijawahi kupendwa hadharani kama siku ile.

Miaka michache baadaye risasi zikaanza. Tulikimbia kwa miguu kuelekea Marabo, bila valizi, maana Koko alisema tubebe watoto na unga. Hakufika. Alilala kando ya njia na hakuamka, tukamzika asubuhi ileile, haraka, na kikwembe cha jikoni alichokuwa amevaa. Tuliporudi Bunia, fundi, aliyekuwa amekataa kukimbia, alinikabidhi valizi aliyoichukua nyumbani kwetu akaitunza.

Tangu hapo nimevitunza. Nilijiambia nitavipeleka kaburini kwake, nivitandike pale juu, nimwombe radhi. Nimekwenda mara tatu kulitafuta. Barabara imechongwa upya, miti tuliyoiwekea alama haipo, na kila mzee ninayemuuliza ananionyesha upande wake. Hilo sikuwahi kumwambia mtu: kaburi la Koko limepotea, na mimi ndiye niliyetembea maishani na nguo yake.

Basi juzi nimevitoa. Libaya ya utoto haimwingii binti yangu hata bega moja, kwa hiyo fundi wa siku hizi akakata kikwembe cha pili. Kilibaki kimoja cha kujifunga, na Jumapili mchana nilimfunga mwenyewe kiunoni, nikazungusha, nikavuta, nikavuta tena.

“Mama,” akasema taratibu, “unanikaza sana. Sipumui.”

Nikaomba radhi. Kwa nani hasa, sijui. Kisha nikalegeza.