Msumari wa Pili Jikoni kwa Mama

Kila mwaka nikifika kwenye mada ya dini na jamii, wanachuo wangu hapa Biharamulo wanaamka. Siku nyingine wanasinzia mpaka naona aibu kwa niaba yao, lakini ukitaja dini, ah, kila mmoja ana lake. Huwa nawaambia kwamba sosholojia haiulizi kama Mungu yupo. Hilo tuwaachie mapadri, masheikh na wachungaji. Sisi tunauliza watu wakishaamini wanaishi vipi na wenzao. Wako wataalamu waliosema dini ni kamba inayowafunga watu wawe kitu kimoja. Wako waliosema ni dawa ya usingizi, anapewa maskini asihisi anavyonyonywa. Na wako waliosema acheni kutazama kwa mbali, kaa na mtu umuulize mwenyewe anachofanya kina maana gani kwake. Basi hapo lazima mkono mmoja unyooke: "Madam, kwa hiyo dini inaunganisha au inatenganisha?"

Jibu la kwenye kitabu ninalo, na ninawapa, maana watalikuta kwenye mtihani. Lakini moyoni nakuwa nimeshafika kijijini kwetu Mabawe, nimesimama jikoni kwa mama, naitazama sufuria.

Ilikuwa inaning'inia kwenye msumari, juu, mbali na vyombo vingine. Sisi tulikuwa Wakatoliki. Wazazi walivuka kutoka Burundi wakiwa vijana, wakapata shamba la migomba na kahawa, na baba akafuga nguruwe nyuma ya nyumba. Jirani yetu wa karibu alikuwa mwenye duka, Mwislamu, ambaye babu yake aliletwa huku na biashara kutoka Pangani. Kwetu Mwislamu anaitwa Mswahili, basi, hata awe amezaliwa Ngara na hajawahi kuiona bahari. Huyo tulimwita Mzee wa Dukani, na mkewe Mama wa Dukani. Sufuria ile mama aliinunua kwa ajili ya huyo mwanamke. Haikuguswa na nguruwe, wala na nyama ambayo hakuchinja Mwislamu, ili jirani akija kwetu ale bila wasiwasi.

Na sisi watoto tulijua. Wee! Ungethubutu kuitekea maji ya kuoga? Mama alikuwa mpole kwa mambo mengi, lakini kwa sufuria ile alikuwa askari. Aliisugua kwa majivu mwenyewe, hakumpa mtu. Mwezi wa Ramadhani ilivuka ua ikiwa na maboga au ndizi za futari, na Idi ilirudi imejaa pilau, maana kwa wale wawili kurudisha chombo kitupu ilikuwa matusi. Harufu ya pilau ile, jamani! Mpaka leo nikipita mahali wanakaanga bizari nakumbuka tulivyokuwa tunaikwangua kwa vidole, mimi na kaka yangu, tukisukumana.

Krismasi mbuzi alichinjwa na Mzee wa Dukani. Ndivyo ilivyokuwa kijiji kizima: ukiwa na harusi, ubatizo au msiba, unamwita yeye, ili asiwepo wa kukaa na sahani tupu. Alikuja asubuhi na kisu chake kimezungushiwa gazeti, akachinja, akanawa, akarudi dukani kwake. Nguruwe, kama yupo, alipikwa kwenye moto wake huko nyuma. Chakula kikishapakuliwa mama hakukaa kwanza. Alizunguka, akichungulia wageni, na swali lake lilikuwa moja: "Amekula?" Sote tulijua anamuulizia nani. Mama wa Dukani akicheka kutoka mkekani anasema, "Nimekula, na nitakula tena, wewe kaa utulie!"

Hawakuwa marafiki wa salamu tu. Mama alipolazwa muda mrefu baada ya kumzaa kaka yangu, Mama wa Dukani alimbeba yule mtoto mgongoni kwa kanga, akiuza sabuni na chumvi huku anambembeleza. Kaka alianza kutembea akishika meza ya duka lile.

Huyo huyo kaka ndiye aliyetuletea balaa.

Alikwenda Lusahunga kuziba pancha za malori. Pale njia panda kila mtu amekuja kutoka kwao, hakuna shangazi wa kukukemea, na kaka alikunywa mpaka akawa analala mtaroni. Waliomwokota ni watu wa kanisa dogo la kilokole lililojengwa kwa mabati kando ya barabara. Walimwosha, wakamlisha, na alipougua malaria kali wakapokezana kumuuguza. Kwangu mimi mtaalamu hilo halina fumbo: pale ambapo hakuna ukoo, kanisa lilikuwa ukoo wake. Ila kanisa hilo lilikuwa na sharti, kwamba muumini asile nyama iliyochinjwa na mtu wa dini nyingine. Wakristo wengi hawana neno na jambo hilo, lakini wale walikuwa nalo, na kaka alilishika kama alivyokuwa anaishika chupa zamani.

Baba alipofariki, kaka alikuja kuzika, akarudi kazini, na jioni ya kuamkia siku ya kuondoa matanga akaja tena na wenzake wanne wa kanisani. Mama alikuwa mkekani na kitambaa chake kichwani. Aliniita akanishika mkono. "Kesho watakuja wengi," akasema. "Mimi sina haja na wingi wao. Nataka yule aliyekaa na mimi humu ndani tangu siku ya kwanza ale kwangu, ashibe. Asipokula yeye, mimi nitakuwa sijamaliza msiba wa baba yako." Nikamwambia asijali, Mzee wa Dukani ameshaambiwa aje kuchinja, na ng'ombe yuko zizini.

Asubuhi tunateka maji, nikasikia kelele kule nyuma. Kufika, ng'ombe yuko chini. Kaka na wenzake wamemchinja wenyewe, na wanaimba pambio.

Nilipiga kelele, sitaki kusema uongo. Nilimwita mjinga, nikamwita mengine ambayo sitayaandika. Yeye akaniambia kwa upole uliozidi kuniudhi, "Dada, hii ni kazi ya baba yangu. Siwezi kumwondolea matanga baba yangu kwa nyama nisiyoweza kuila."

Katikati ya ugomvi Mzee wa Dukani akatokea na kisu chake kwenye gazeti. Akatazama ng'ombe, akatutazama sisi. "Poleni na msiba," akasema. "Naona kazi imekwisha." Akaenda kukaa na wazee wenzake, akakiweka kisu chini ya kiti. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikaenda kumwambia mama. Nilidhani atalia. "Imana yangu!" akasema, yaani Mungu wangu, kwa lugha ya kwao. Kisha akasimama.

Nataka mnielewe. Kwetu mjane hapiki mpaka matanga yaondolewe. Anakaa, anapikiwa, hata maji anapewa mkononi. Mama alitoka mkekani mbele ya wanawake wote, shangazi zangu wakaguna, mmoja akamdaka kanga. Hakugeuka. Aliingia jikoni, akapanda kwenye kigoda, akaitungua sufuria kutoka kwenye msumari wake. Akachambua maharage, akamenya ndizi kwa mikono iliyokuwa haijagusa kisu tangu msiba uingie. Akatia mawese kidogo. Hakuna aliyethubutu kumsaidia isipokuwa Mama wa Dukani, aliyekuja mbio akisema, "Mjane gani wewe? Rudi mkekani!"

"Rudi wewe," mama akajibu. "Leo mgeni ni wewe."

Yule mwanamke akakaa chini kwenye majani, akaanza kulia, na mama naye akalia, wakikoroga. Nje nyama ilikuwa inachemka ya kulisha kata nzima. Ndizi zilipoiva, Mzee wa Dukani akapelekewa sahani yake, na wale wawili wakala jikoni, sahani moja, magoti yakigusana. Mama hakuonja nyama siku ile.

Kaka alikuja akasimama mlangoni. Mama akamtazama. "Wewe umekula?"

"Nyama ipo mama, nitakula."

"Sikukuuliza nyama."

Akaingia, akakaa. Mama wa Dukani akasogea kumpisha, akamchotea yeye mwenyewe. Kaka alikula ameinamisha kichwa. Hakuomba radhi na hakuna aliyemdai.

Nilirudi nyumbani Krismasi iliyofuata. Kuingia jikoni nikakuta msumari wa pili, na sufuria mpya inang'aa, ya kutoka mnadani Kabanga. Nikauliza hii nayo ni ya nani.

"Ya mlokole wangu," mama akasema. "Humo haiingii nyama ya mtu yeyote. Na wewe ole wako niikute na mchuzi."

Ilikuwa furaha, miaka ile. Mzee wa Dukani akichinja mbuzi kama zamani, na maharage ya kaka yakitokota pembeni. Tulimtania kaka kwamba ukuta wa jikoni utaisha misumari, atakuja Msabato, atakuja Mhindu. Naye akicheka, ana kicheko cha baba. Nakipenda kicheko kile kuliko nilivyowahi kumwambia.

Mama amekwenda sasa. Siku ya kuondoa matanga yake niliamka nikamkosa kaka, nikasema tayari, mambo ni yale yale. Nikatoka. Nikamwona anakuja njiani polepole, amemshika mkono Mzee wa Dukani, ambaye macho yamefifia, na kisu amekibeba kaka, kimezungushiwa gazeti. Ng'ombe alipolazwa, kaka ndiye aliyeshika miguu. Nyama hakula. Mpaka leo haili.

Nilimpakulia ndizi na maharage kutoka kwenye sufuria yake. Akapokea sahani, akafumba macho kuomba, kisha akayafumbua kabla hajaanza, akageuka kutafuta kwenye mikeka ya wanawake.

"Amekula?" akaniuliza.

Nikamwambia amekula. Hapo ndipo akafumba macho tena.