Breki ya Mwalimu

Mwalimu wa udereva huanza kila somo kwa kufuta kioo kwa leso yake, akakohoa kidogo, kisha akasema kwa sauti ya kubembeleza, "Haya mama, tumwachie Mungu usukani." Mwanafunzi wake, mkunga mwenye wajukuu na maneno mengi, hakubali kirahisi. "Tukimwachia Yeye, mimi nimekuja kujifunza nini? Kama anaweza yote, mimi hapa naamua kitu gani?" Mwalimu hucheka tu, mguu wake ukielea juu ya breki ya pili, ile ya upande wake. Kiatu cha mguu huo kimelika soli kuliko mwenzake.

Jana walikuwa wakishuka mteremko wa sokoni, mkokoteni ukakatiza kule chini. Mkunga akaganda, akingoja mguu ule umwokoe kama kawaida. Haukushuka. Ikabidi akanyage mwenyewe, na gari likasimama.

"Breki unayo, mwalimu. Mbona hukukanyaga?"

"Ningekanyaga, dereva angekuwa nani?"

Alilisema hilo kwa upole uleule. Ndipo mkunga alipoiona mikono ya mwalimu: yote miwili ilikuwa imeling'ang'ania goti la mguu ule, ikilizuia lisishuke, na bado ilikuwa haijaliachia.