Mstari wa Kahe

Darasani kwa binti yangu walikaa kwa alama. Kila mwisho wa mwezi walifanya jaribio, kesho yake mwalimu anawatoa wote nje, anaanza kuita kutoka wa kwanza, na kila aliyeitwa anaingia kujaza madawati kuanzia mbele. Wa mwisho wanapewa ukuta wa nyuma. Watoto wenyewe, kwa kuwa wamezaliwa mlimani, waliipa mistari majina: wa mbele Kibo, kilele chenyewe, wa katikati Machame, mteremkoni, wa nyuma Kahe, kule chini tambarare kwenye joto. Mimi nina wateja wa Kahe wanaonunua ndizi zangu sokoni Moshi, watu wa maana kabisa. Ila binti yangu alikuwa Kahe tangu darasa la pili, na sasa yuko la tatu, na herufi anazijua moja moja, kama majirani wasiosalimiana.

Mwakani angefanya mtihani wa taifa wa darasa la nne. Asiyejua kusoma anarudia darasa. Nilitaka asome kabla ya hapo, sikutaka kingine.

Nikaenda shuleni siku isiyo ya soko. Nilisimama kwanza dirishani, maana sinunui mkungu kwa kuutazama upande mmoja. Mwalimu aliuliza swali, mkono wa Kibo ukanyooka, jibu likatoka. "Mpigieni makofi!" Makofi. "Mmeelewa?" "Ndiyooo!" Kahe ndio waliokuwa na sauti kubwa kuliko wote. Nikahesabu walionyoosha mikono kipindi kizima, nikarudia nisije nikamwonea mtu. Ni wale wale wanne. Darasa lilipita themanini. Wengine wote tulikuwa watazamaji, mimi nje na wao ndani.

Mwalimu akatoka, kijana wa rika la mdogo wangu wa mwisho, chaki mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu. Nimekuja tupatane."

"Tupatane nini tena?"

"Mstari. Mwanangu umsogeze mbele."

Akacheka. "Mama, Kibo hapandishwi mtu. Mtoto anapanda kwa miguu yake."

"Hata wazungu wakipanda Kibo wanabebewa mizigo, mwalimu."

Hapo alicheka mpaka akafuta macho, halafu akaacha ghafla. Akaniambia mwaka jana aliwachanganya wa mbele na wa nyuma, wazazi wa watoto wa mbele wakaja juu kwamba anawashusha watoto wao. "Na mimi ni mmoja, mama. Nikianza na wa nyuma, mwaka unaisha niko nao bado, na hawa wanaoweza nao nimewapoteza. Wewe ungefanyaje?"

Nikaipiga hesabu yake kichwani, nikairudia. Ilikuwa sahihi. Lakini muuzaji kuwa na haki hakujawahi kunizuia kuomba nipunguziwe.

"Basi Kibo sitaki. Nipe Machame."

"Wewe mama!"

"Machame ya chini, basi. Hata pale barabarani inapoanzia."

"Mwezi mmoja," akasema. "Jaribio likija, atakaa panapomstahili."

Dawati la watatu likawa la wanne. Nilirudi nyumbani najiona nimemweza mtu.

Jumatatu akaamka tumbo linamuuma. Nikampa mchaichai. Jumanne tumbo tena. Jumamosi halikuuma, na Jumapili mpaka kanisani aliimba. Niliona, nikaendelea kumpa mchaichai.

Jioni nilikaa naye mwenyewe, kidole changu juu ya kitabu. Nikamwambia soma hapa. Akatazama mdomo wangu. Nikafunga mdomo, nikagonga ukurasa kwa kidole. Akaendelea kungoja mdomo. Ndipo nikaelewa walivyosoma kule nyuma: unamchungulia mwenzako, neno likifika nusu unalidaka, mnalimalizia wote kwa kelele. Miaka miwili alikuwa amejifunza hilo, na alikuwa hodari kwelikweli. Nilijaribu kila jioni, mpaka akaanza kutoweka kwenye migomba akiona nanawa mikono nishike kitabu.

Siku ya kupangwa upya nilisimama getini. Majina yaliitwa, uwanja ukapungua, Machame ikajaa, na yeye bado yuko nje. Alipoitwa walibaki wachache. Hakuingia kama mtu aliyeshindwa. Kupitia mlangoni nilimwona mwenzake wa nyuma akisogea na kupigapiga benchi kwa kiganja, njoo, na yeye akakimbia kwenda kukaa.

Jioni tulikuwa jikoni tunamenya ndizi.

"Mama, usirudi tena kwa mwalimu."

"Kwa nini?"

"Kule mbele ananiuliza."

"Si ndiyo vizuri? Utajuaje usipoulizwa?"

"Nikikosa wanageuka wote. Kahe hatuulizwi, hakuna anayegeuka."

"Mtihani je?"

"Tutarudia wote."

Nikamwambia basi nitaomba mstari wa pili kuanzia ukutani, mmoja tu mbele, na nitamletea viatu vipya. Nikaongeza begi. Nikaongeza maandazi ya kila siku. Akatikisa kichwa kwa kila kimoja, bila hasira.

Mteja akikwambia sitaki, unamwacha aende. Hatua chache tu atageuka kukutazama, na akigeuka umeshampata. Nimeishi kwa hilo. Basi nikamwacha, nikaendelea na ndizi zangu, nikimngoja. Alimaliza kichane chake, akakusanya maganda kwenye ndoo, akayabeba kumpelekea ng'ombe, na hakugeuka.