Likizo ya Mfanyakazi wa Asubuhi

Nilifanya kazi miaka mitano katika nyumba ya wageni huko Mkomani, asubuhi nne kwa wiki. Nilitandika vitanda, nikafua mashuka, nikapandisha ndoo za maji mpaka orofa ya tatu. Mwenye nyumba, mama wa makamo wa ukoo unaoheshimika, alipenda kuwaambia wageni kwamba sisi wanawake watatu tunaomsaidia ni binti zake. Nami nilimwamini.

Mimba yangu ya pili ilipofika mwezi wa saba nilimwendea.

"Bi, nataka kujua likizo yangu ya uzazi itakuwaje."

Akacheka kwa upole. "Likizo, mwanangu? Likizo ni ya wanaoshinda kazini siku nzima. Wewe adhuhuri ikiadhiniwa uko ndiani wenda kwako. Pumzika wiki mbili tatu, kisha urudi. Ukikawia itanibidi nitafute mwingine, nami sitaki."

Mwaka uliotangulia, mpwa wake aliyekaa mapokezi kutwa alikwenda kujifungua, akapumzika miezi mitatu na mshahara wake ukimfuata nyumbani. Nilipomtajia hilo, Bi aliniuliza kama nimemaliza chumba cha juu.

Nilijifungua mtoto wa kike. Mama yangu alikuja kutoka Siyu kunihudumia. Alinikanda kwa maji ya moto, akanipikia uji wa pilipili manga. Kwetu mzazi hatoki ndani mpaka arubaini itimie. Mimi siku ya ishirini na tatu nilivaa buibui. Mama akasimama mlangoni.

"Wenda wapi, na tumbo halijafunga?"

"Kazini, mama."

"Huyo Bi wako hakuzaa yeye?"

"Kazaa. Watano."

Mama akampakata mtoto, akanipa mgongo.

Siku ile, nikiwa na mashuka mikononi, kizunguzungu kilinishika katikati ya ngazi. Nikaketi. Maziwa yalikuwa yamelowesha kifua changu chote. Mgeni mmoja alinikuta hapo, akaniletea maji ya kunywa. Bi alitufikia, akamwomba radhi mgeni, kisha akaniinamia na kuninong'oneza: "Usikae mbele ya watu hivyo." Mtoto alipofika miezi miwili maziwa yalikuwa yamekauka.

Mwanangu alikuwa ameanza kutambaa siku afisa wa kazi alipokuja kuzungumza na akina mama mtaani. Nikainua mkono nikauliza: mwenye kazi ya nusu siku ana likizo ya uzazi?

"Sheria inamtaja mwanamke aliyeajiriwa," akajibu. "Haimuulizi anatoka kazini saa ngapi. Ulistahili miezi mitatu, na mshahara wako uleule."

Wanawake walipiga vigelegele. Mimi nilikuwa nikihesabu siku zangu ishirini na tatu.

Mwenzangu mmoja kazini alikuwa mjamzito. Hakutaka makuu, ila nilimshikilia mpaka akakubali kudai likizo yake, tukaenda kwa Bi sote watatu, pamoja na yule mfanyakazi mwenzetu mwingine. Bi alitusikiliza, akatumiminia kahawa, akasema amefahamu. Wiki iliyofuata alituita akatutangazia kwamba tangu leo sisi ni vibarua: atakayehitajika siku hiyo ataitwa kwa simu. Mimi niliitwa mara mbili. Mwenzangu mjamzito hakuitwa hata mara moja.

Nilimsindikiza ofisi ya kazi. Wakatuomba barua za ajira. Hatukuwa nazo, tuliajiriwa kwa mdomo, kibarazani, kama watu wanaojuana. Maelezo yetu yaliandikwa, tukaambiwa tusubiri. Kila tulipouliza, tulijibiwa kwamba Bi ameandikiwa barua na hajaijibu.

Mwenzangu alirudi kwao Ndau kujifungulia huko. Asubuhi ya kuondoka nilimbebea mzigo mpaka gatini. Kabla ya kushuka mashuani akaniambia, bila kupandisha sauti:

"Ungeninyamazia, ningekuwa na kazi yangu."

"Lakini ilikuwa haki yako, dada."

"Haki yangu iko wapi sasa? Nionyeshe."

Nilimpa mzigo wake. Nilibaki gatini mpaka mashua ilipoondoka.