Unga wa Manjano Kutoka Msitu wa Theluji

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nadeki sakafu katika nyumba moja ya Durban inayotunza mimea iliyokaushwa. Kazi niliyoitamani ilikuwa ile ya mezani: kubandika mimea kwenye karatasi nzito kwa gundi na uzi. Auntie, mama wa Kihindi aliyekuwa mkuu wa chumba kile, aliniahidi hivi: Ijumaa nibandike mitatu vizuri, Jumatatu niache ndoo ya kudeki, nihamie mezani. Mimi ni mtu wa papara, lakini siku hiyo nilitulia kama nashona gauni la harusi.

Wa tatu ulitoka ng'ambo, umekunjwa ndani ya gazeti la lugha nisiyoijua. Auntie alinisomea lebo: msitu wa misonobari, kaskazini kabisa, kwenye theluji. Akatoka. Nikafungua gazeti. Weee! Mmea wa kutambaa, una manyoya kama mkia wa paka, na ncha zake zimesimama mbilimbili. Si ninaujua huu! Unaota milimani kwetu Kivu. Nyanya yangu alikuwa anaukung'uta, na ule unga wake wa manjano anampaka mtoto aliyechubuka shingo kwa joto.

Na unga huo ulikuwa umemwagika gazetini, tele. Nyumbani, mtaa wa Sydenham, binti yangu mchanga alikuwa na shingo nyekundu, analia wiki nzima. Nikajiambia, huu ni uchafu tu, si mimi mwenyewe nitakayeufagia? Nikaukunja kwenye kikaratasi, nikautia kwenye sidiria. Nikabandika mmea wangu, msafi kabisa, nikaenda zangu.

Jumatatu shingo ya mtoto ilikuwa imekauka. Niliingia kazini naimba. Auntie alikuwa ameinamia karatasi yangu.

"Umeshona vizuri sana," akasema. "Lakini unga uko wapi? Ndiyo mbegu yake ule. Bila unga, huu ni nusu mmea."

Eish. Ningeweza kusema umepeperushwa na upepo, maana dirisha lilikuwa wazi.

"Auntie," nikasema, "uko shingoni kwa mtoto wangu."

"Wapi?"

Nikamweleza yote, nyanya na milima na sidiria, huku nalia, maana niliona nimejifukuza kazi kwa mikono yangu. Nikamtolea kikaratasi. Unga ulikuwa umebaki kidogo.

Alinigombeza kwanza, na nilistahili: humu hakichukuliwi kitu, hata vumbi! Halafu akacheka mpaka akavua miwani. Unga uliobaki akautia kwenye bahasha ndogo, akaibandika pembeni ya mmea, akanisukumia kalamu.

"Andika hapa chini. Kwenu nani anautumia, na kwa nini. Hilo hatukuwa nalo."

Niliandika: Kivu, milimani, poda ya watoto. Nilipoinua kichwa Auntie alikuwa ameishika ndoo yangu, anaipeleka nje yeye mwenyewe.