Siagi ya Matofaa kwa Nyimbo Kumi na Mbili

Kwetu siagi ya matofaa haikupimwa kwa saa. Ilipimwa kwa nyimbo za ibada, kumi na mbili, beti zote, bila kuruka hata ubeti mmoja. Ukimwambia hivyo mtu wa Mbarara atakucheka, na mimi nimeshachekwa vya kutosha, kwa hiyo acha nieleze.

Kwanza, siagi hiyo haina hata tone la maziwa. Ni matofaa, ambayo sisi tunayaita mapomu, yanayochemshwa mpaka yalainike, yakapitishwa kwenye chujio ili maganda na mbegu vibaki, kisha yakarudishwa motoni na sukari na mdalasini. Hapo unakoroga. Unakoroga mpaka yageuke kahawia na kuwa mazito ya kupakwa kwenye mkate, ndiyo maana ikaitwa siagi. Mama alijifunza akiwa msichana kwenye jiko la misheni, huko milimani Kivu ya Kusini, yeye na dada yake. Mimi dada huyo nilimwita mama mukubwa, na Mama alimwita Yaya, yaani dada mkubwa.

Mwenye jiko alikuwa mwanamke wa Kizungu ambaye wasichana wote walimwita Mamozeli. Mamozeli alikuwa na saa moja tu, na saa yenyewe ilikuwa mkononi mwake. Akiitwa kwenda kuona mgonjwa, saa iliondoka naye, sufuria ikabaki motoni, na wasichana wawili wakabaki wakitazamana. Yaya ndiye aliyepata akili. Siku moja Mamozeli alipokuwapo, waliimba kitabu cha nyimbo tangu mwanzo huku wakikoroga, na siagi ilipoiva walikuwa wamemaliza wimbo wa kumi na mbili. Basi, tangu siku hiyo hawakuuliza tena saa ngapi.

Mwaka wa tisini na sita tulikimbia. Nilikuwa na miaka saba, na sina mengi ya kusema juu ya njia ile, walioipita wanaijua. Tulifika Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda, na kitabu cha nyimbo kilicholowa mvua na godoro moja. Mama mukubwa alipewa fasi yake Oruchinga, kambi nyingine, ambako si mbali kwa anayeangalia ramani, ila ni mbali kwa anayetembea. Mapomu hayakuwapo. Mama alijaribu na mapapai, akajaribu na maboga. Sisi watoto tuliramba hata mwiko, lakini yeye alionja, akatikisa kichwa, akasema huyu ni ndugu wa mbali. Mama mukubwa alipotutembelea Krismasi na kupewa kijiko, alisema hata huo undugu haupo. Waligombana juu ya boga lile mpaka chai ikapoa, na ninavyowajua, walikuwa na furaha.

Mimi nilikua na kichwa kigumu, sioni haya kusema. Nilipofika umri wa kutoka nilikwenda mjini Mbarara, nikapata kazi sokoni kwenye meza ya matunda ya mama mmoja Munyankore, mwenyeji wa pale. Hapo ndipo nilipoyaona mapomu kwa mara ya kwanza tangu utoto. Yale mekundu ya kung'aa yalitoka ng'ambo, wateja waliyapenda. Madogo, machachu, yenye madoa, yalishuka kutoka Kabale, na yaliyoanza kuumia mama mwenye meza aliniachia jioni. Mfuko wa kwanza niliupeleka Nakivale. Mama alinusa pomu moja, akaketi chini palepale mlangoni. Kesho yake alipika. Niliwasha moto, nikabeba maji, nikamsikiliza akiimba peke yake mpaka mwisho. Nilipoonja nilielewa kwa nini watu wazima wawili waligombana juu ya boga.

Tukawa tunapika kila msimu wa Kabale. Chupa za zamani za siagi ya karanga tulizichemsha, tukazijaza siagi ingali moto, tukamwagia juu nta ya mshumaa iliyoyeyushwa ili hewa isiingie, na Mama akazitia kwenye shimo alilochimba chini ya kitanda. Chupa ya kwanza siku zote ilikwenda Oruchinga. Jibu la mama mukubwa nalo lilikuwa lilelile siku zote: salamu nyingi, na mdalasini umezidi.

Kisha mama mukubwa akaugua. Lilikuwa tumbo, na koo nalo likaanza kukataa chakula. Alikaa hospitalini Mbarara majuma mawili, nikimpelekea uji asubuhi naye akiurudisha jioni. Waganga walituambia kwa upole tumrudishe nyumbani, ale anachokitaka, kidogo kidogo. Alichokitaka kilikuwa kimoja. Alisema kinywa chake kimekufa, ladha zote zimetoka, imebaki moja tu, ile ya jiko la Mamozeli. Alisema hivyo bila kulalamika, kama mtu anayekuonyesha fasi alipoacha jembe.

Lakini Mama hakuweza kukoroga. Mwezi ule alikuwa ameanguka kwenye pikipiki na mkono wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji. Alikwenda Oruchinga hivyohivyo kumuuguza dada yake, akasema mkono mmoja unatosha kumshika mtu mkono. Mimi akanipigia simu. Maagizo yalikuwa mafupi: nyimbo kumi na mbili, beti zote, usiruke.

Sikuruka. Naapa mpaka leo, sikuruka hata neno. Nilipika kwenye sigiri ya makaa nje ya chumba changu cha kupanga, majirani wakanichungulia, nami nikaimba kwa nguvu ili waone kwamba kazi hii ina wenyewe. Nilipomaliza wimbo wa kumi na mbili nilitoa sufuria. Nilijua kwamba Mama humwaga tone kwenye sahani baridi kwanza, na kama maji yanajitenga pembeni, bado. Ila sahani zangu zilikuwa chafu kwenye karai, na nikajiambia, nyimbo zinaongopa? Nikajaza chupa tatu, nikamwaga nta, nikangoja siku yangu ya mapumziko, nikaenda Oruchinga kifua mbele.

Mama alimwinua dada yake, akamwekea mto mgongoni, akamfungia leso kifuani kama mtoto. Mama mukubwa alifungua kinywa kabla hata chupa haijafunguliwa. Nilipozungusha kifuniko kikatoa pumzi. Nta ilikuwa imepasuka, na chini yake siagi ilikuwa inatoa mapovu. Mama mukubwa alifunga kinywa, akanusa, akanitazama.

"Hii imelewa," alisema.

Katika nyumba ile pombe haikuwahi kuvuka mlango. Mume wake marehemu alikuwa mzee wa kanisa. Mimi ndiye niliyeiingiza, chupa tatu. Mama aliniuliza kama niliimba, nikasema niliimba zote. Akasema imba nisikie. Nikaanza wimbo wa kwanza jinsi tulivyouimba kanisani Mbarara, ambako nilikuwa kwenye kwaya na tulikuwa na kinanda cha umeme, ngoma mbili na vijana wa kuruka. Nilifika kiitikio kabla Mama hajaweka kikombe chini. Wale dada wawili wakatazamana.

Mama mukubwa alicheka. Alicheka mpaka akashika tumbo, mpaka nikaogopa. "Weye uliimba kama mutu anayefukuzwa," alisema. "Nani alikuwa nyuma yako?"

Mama hakucheka, alitoka nje. Nilimfuata, nikamkuta amesimama kando ya majerikeni analia, mkono wake mzima juu ya uso. Aliniambia kwamba Yaya hajameza kitu tangu juzi. Alikuwa amekataa hata maji ya sukari, akisema anaacha nafasi. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, husema watu, lakini mimi nilisikia, ndilo lililoniuma. Nilisikia kila neno, nikalitenda mbio.

Nilirudi Mbarara siku hiyohiyo. Msimu ulikuwa unakwisha na yaliyoumia hayakuwapo, yalikuwa mazima tu, machache, yamepangwa mbele ya meza. Nilimweleza mama mwenye meza, nikamwomba aniwekee chochote kitakachooza. Alinikemea kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Mgonjwa hapana kula ya kuoza. Chukua hii." Akamwaga yote kwenye gunia, meza ikabaki wazi. Nilipata lori lililokuwa linakwenda tupu Isingiro, njia ya Oruchinga, kuchukua ndizi za matoke, nikakaa juu ya gunia langu. Tulipopita kijiji cha Masha ng'ombe walikuwa njiani na dereva hakuwa na haraka. Nilitaka kushuka niwafukuze mwenyewe.

Tulipika uani kwa mama mukubwa, tangu asubuhi. Mama alikata mapomu kwa mkono wa kushoto, vipande vya kila namna. Nilipoyachuja na kuyarudisha motoni, mama mukubwa aliagiza atolewe nje. Tulimtandikia mkeka kivulini, mto nyuma, blanketi miguuni. Mama alifungua kitabu cha nyimbo na kukohoa ili aanze.

"Funga kitabu," mama mukubwa alisema. "Nitaimba mimi. Huyu mwanao ameshatulewesha."

Akaanza. Sauti yake ilikuwa imebaki kidogo tu, na kila baada ya maneno matatu manne alinyamaza kutafuta pumzi. Mara ya kwanza aliponyamaza niliacha kukoroga, nikadhani amechoka. Mama alinifinya ugoko. Nikakoroga. Pumzi ikaja, neno likafuata. Wimbo mmoja tulikaa nao kama tatu za Mama na kama sita za kwaya yangu. Siagi ilianza kurusha matone, yakaniunguza mikono, na mabega yangu yakawa hayanisikii tena. Mimi ni mtu wa hasira, na kwa saa nzima nilikuwa nikikasirikia kila kitu, kuni, moshi, ubeti wa tano, hata Mamozeli na saa yake. Halafu hasira ikaisha yenyewe. Nilibaki namsikiliza tu. Nilikuwa nampenda mwanamke yule, na sikuwahi kumwambia, kwetu hatusemi.

Kufika wimbo wa tisa sauti haikutoka tena. Midomo ilikuwa bado inakwenda. Mama alisogea karibu, akawa anaimba kwa kufuata midomo ile, na midomo ikisimama, naye anasimama, nami nakoroga. Jua lilihama, tukasogeza mkeka, tukaendelea. Sikutazama saa ya simu hata mara moja.

Wimbo wa kumi na mbili ulipokwisha, mama mukubwa alionyesha sahani kwa kidole. Sahani ilikuwa safi safari hii, nilikuwa nimeiosha mara mbili. Tone lilikaa pale lilipoanguka, karibu jeusi, linang'aa, na pembeni hapakuwa na maji. Mama alichota ncha ya kijiko, akaipuliza, akaitia kinywani mwa dada yake. Tulingoja. Koo lilipanda, likashuka.

"Mdalasini umezidi," mama mukubwa alinong'ona, akafungua kinywa tena.

Alikula siagi ile majuma matano, kijiko asubuhi na kijiko jioni, kutoka chupa ambazo hazikuharibika hata moja. Siku alipoondoka, chupa ya nne ilikuwa imefika katikati. Mama aliifunika, akaja nayo Nakivale, akaitia kwenye shimo chini ya kitanda. Haikuliwa, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Sasa ni mwaka wa elfu mbili na ishirini na tano. Nina jiko langu Mbarara, na meza ya matunda ni yangu nusu. Simu yangu ina saa, ina hata kengele ya kuhesabu dakika. Mama amezeeka, huja msimu wa Kabale akakaa kwenye kiti kuona kama nitaharibu. Kwaya niliiacha, vijana wa kuruka wapo wengi. Binti yangu ndiye anayekoroga, naye ana kichwa chake kigumu, sijui alikitoa wapi. Juma lililopita aliniuliza mbona naimba vibaya hivyo, mbona nakata maneno katikati na kunyamaza, kwani nimesahau wimbo.

Mama alicheka kitini, akaniachia nijibu mwenyewe.

"Hapo ndipo mama mukubwa alipokuwa anapumua," nilimwambia. "Koroga."